Kutandaza Samaki Mbele ya Wakwe

Andika, mjukuu wangu, na uandike kama ninavyosema, bila kunipamba. Baba yangu alizaliwa kisiwani Takawiri, katika boma ambalo ziwa lilikuja kula nusu yake. Mama yangu alizaliwa bara, karibu na Homa Bay, akavushwa maji siku ya kuolewa, na hakuacha kuuogopa mtumbwi mpaka alipozeeka. Mimi nilizaliwa Takawiri. Majina yao siyataji. Walipokuwa hai, kila mwenye shida aliwaita kwa majina hayo. Sasa waache wapumzike. Mwaka niliozaliwa haukuandikwa popote, kwa kuwa wenye kalamu walikuwa na shughuli nyingine siku hiyo.

Umeniambia kwamba mwalimu wenu amewataka mweleze maana na matumizi ya neno "tandaza". Maana umeipata kitabuni: kukieneza kitu kilichokunjwa au kilichorundikwa, kikawa wazi. Nimekusikia ukiisoma mara tatu kama mtu anayekariri sala, nami sina ugomvi nayo. Hata mbuzi wetu amesikiliza na hakupinga. Lakini matumizi ni jambo jingine, na mwalimu wako, ambaye tangu alipoajiriwa hajamwona samaki ila akiwa juu ya sahani katika hoteli za Migori, hawezi kukupa. Itabidi uyapokee kwa bibi ambaye hakuingia darasani hata siku moja. Pole.

Kwetu, kwa lugha yetu, neno hilo tulisema pedho. Hilo la Kiswahili nililipata sokoni Homa Bay nikiwa msichana, kutoka kwa askari wa soko aliyewaamuru akina mama waitandaze mizigo yao chini ili aone kilichomo. Alitusemesha kwa sauti kubwa, akiamini kwamba lugha tusiyoijua tutaielewa tukipigiwa kelele. Kwa bahati mbaya hakukosea.

Sasa sikiliza jinsi kazi yenyewe ilivyo. Ngege, samaki wetu wa ziwani, akitolewa majini asubuhi, kabla jua halijafika utosini awe amefunguliwa. Kisu huingia mgongoni, si tumboni. Hufuata uti wa mgongo kutoka kichwani hadi mkiani, na kichwa nacho hupasuliwa. Ngozi ya tumbo haiguswi, maana ndiyo inayoziunganisha pande mbili. Ukishatoa matumbo na kuosha, unamfungua samaki kama hicho kitabu chako, unamtandaza juu ya mwamba, nyama ikitazama jua. Baadaye unamgeuza, na jioni unamwingiza ndani. Siku ya tatu amekuwa mkavu, mwepesi, anakaa mwezi mzima bila kumwomba mtu radhi. Huyo ndiye obambla. Mama alinifundisha kwa kunigonga vidole kwa ubapa wa kisu kila nilipokosea, na ninashukuru, kwa sababu sikukosea mara nyingi.

Nikaolewa Suna, bara, miaka ile ya mwanzo ya sitini, mvua ziliponyesha mpaka ziwa likapanda na kuingia mashambani. Mume wangu, babu yako, alikuwa fundi wa baiskeli pale Migori. Alikuwa mtu mwema mwenye kipaji kikubwa cha kutokuwepo. Ugomvi wowote ulipozuka bomani, baiskeli fulani mjini ilipata pancha na kumhitaji.

Mama mkwe alikuwa mkulima wa wimbi na muhogo, mwanamke mrefu mwenye adabu nyingi, na adabu hizo zote alizitumia kama watu wanavyotumia fimbo. Hakuniita kwa jina. Aliniita nyar chula, yaani binti wa kisiwani, na katika kinywa chake kisiwa kilikuwa mahali ambapo watu hukaa wakisubiri kufundishwa kunawa.

Yakupasa uijue desturi moja, la sivyo hutanielewa. Mke mgeni hapiki kwake. Anapika katika jiko la mama mkwe, chini ya macho ya mama mkwe, chumvi ya mama mkwe ikipimwa na vidole vya mama mkwe. Siku mkwe akiridhika, yeye mwenyewe huchukua mafiga matatu na kuyapanga katika nyumba ya yule mke. Kuanzia hapo wewe ni mwenye nyumba. Unaweza kumkaribisha mtu, unaweza kumnyima mtu. Kabla ya hapo wewe ni msichana aliyekawia kurudi kwao. Wake wenza wa boma, yaani wake wa shemeji zangu wawili, kila mmoja alipewa mafiga baada ya msimu mmoja wa mavuno. Mimi nilingoja mavuno ya kwanza, nikaambiwa tungoje kwanza watu wa kwetu waje rasmi na kikapu chao.

Wakaja. Mama yangu na shangazi zangu wawili walivuka maji hadi Homa Bay, wakapanda lori, wakafika Suna na kikapu cha obambla, mzigo bora ambao kisiwa kingeweza kutoa. Mama mkwe alikipokea kwa mikono miwili, akakiingiza ndani, akafunua, akafunika tena. Kisha akaniita.

"Nyar chula, hawa samaki walipigana na nani?"

Nikamwambia hawakupigana, wamepasuliwa mgongo na kutandazwa juani.

"Kwetu," akasema, "kitu cha kujenga undugu huja kizima. Kuku huja akiwa hai. Unga huja katika chombo kimoja. Mama yako ananiletea vitu vilivyopasuliwa katikati, anataka boma langu lipasuke?"

Kwetu hakuna aliyewahi kufikiri kwamba samaki anaweza kuvunja nyumba. Tulifikiri kwamba analiwa.

Wazee walikuwa wamekwisha kukaa katika nyumba ya baba mkwe, na chakula cha wakwe huonjwa siku ileile na wazee wa boma, la sivyo ni kana kwamba kimekataliwa. Mama mkwe akafikiri. Mwenye akili kidogo angewapika tu. Yeye alikuwa na akili nyingi. Akawaloweka wale samaki katika maji ya vuguvugu mpaka wakalainika, akawakunja mmoja mmoja, upande huu juu ya upande ule, akawafunga kwa nyuzi za katani kuanzia kichwani hadi mkiani ili waonekane wazima. Tulifunga kumi na wawili, mimi nikishika, yeye akikaza fundo. Sijawahi kuona kazi nzuri zaidi iliyofanywa bure.

Nikapeleka sahani kwa wazee. Kaka mkubwa wa baba mkwe, mzee mnene ambaye hakuna matanga aliyoyakosa wala mlo alioukataa, akamwinua samaki wake kwa mkia, akamgeuza, akauliza kwa upole:

"Huyu alikosa nini hata akafungwa kamba?"

"Pengine alitaka kurudi ziwani," mwenzake akasema.

"Nifungulieni wangu. Mimi nitamdhamini."

Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na uzi. Mama mkwe alikuwa nje ya mlango, akasikia lote. Wala sitasema kwamba sikucheka. Nilicheka, kidogo, nikiwa nimeinamisha kichwa, na yeye aliyaona mabega yangu. Hapo ndipo mafiga yangu yalipohamia mavuno yaliyofuata.

Mavuno yaliyofuata yakapita pia. Wake wenza wakaanza kunihurumia, jambo ambalo lilinikera kuliko kusengenywa. Mmoja alikuwa akinitumia moto wa kuota usiku kutoka jikoni kwake ili mama mkwe asione naomba. Nikamsikia mama mkwe akimwambia jirani kwamba mke ambaye kwao hawajui kuleta kikapu, pengine kwao hawajui kwamba aliolewa. Unaelewa maana yake. Bado mwaka mmoja wa namna hiyo, na mtu angeniuliza kwa heshima zote kama sijakumbuka nyumbani.

Hatimaye mama mkwe akatuma ujumbe. Aliutuma kwa mchuuzi mmoja wa kike aliyekuwa akipeleka wimbi Homa Bay, nao ulikuwa mfupi: watu wa kisiwani waje tena, na safari hii walete samaki wazima, wasiopasuliwa, kama watu wanavyofanya.

Nilimwendea yule mchuuzi pembeni. Nikamwambia amweleze mama kwamba njia ni ya siku mbili, barabara ni tope, kwa hiyo atumie akili yake. Mchuuzi akarudi na jibu la mama: "Mwambie mwanangu kwamba nimeambiwa wazima, nami nitaleta wazima."

Mama yangu alitii. Hakuna adhabu kali kama utii.

Walivua alfajiri ya Ijumaa, ngege wakubwa, wa kumeta. Wakawapanga katika kikapu pamoja na majani mabichi, migongo yao salama, matumbo yao salama, na kila kilichomo ndani ya matumbo hayo kikiwa salama. Wakafika Homa Bay jua likielekea kuzama. Sasa, mama yangu alikuwa Msabato, na wewe unajua kwamba Sabato huanza Ijumaa jua likizama. Hakusafiri. Alilala kwa ndugu zake, akaamka Jumamosi, akaenda kanisani, akaimba, akasikiliza mahubiri ya asubuhi na ya alasiri. Alipumzika kama alivyoamriwa, na samaki nao, kivulini, wakapumzika. Jumapili wakapanda lori. Lori likazama topeni karibu na Rongo, watu wakashuka kulisukuma, na shangazi yangu alisimulia kwamba kwa mara ya kwanza abiria walishuka kwa hiari, tena haraka.

Walipoingia Suna alasiri, tulijua kabla ya mbwa kubweka.

Mama alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Akakivusha kikapu kizingitini kwa mikono yake miwili, akakiweka mbele ya mama mkwe, akasema kwa sauti ya unyenyekevu ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani:

"Mkwe wangu, uliagiza wazima. Hawa hapa. Hakuna kisu kilichowagusa."

Mama mkwe akafunua. Nzi waliokuwa ndani na nzi waliokuwa nje wakasalimiana. Nitampa haki yake: uso wake haukubadilika. Akafunika, akasema ahsante, akatoka taratibu, na alipofika nyuma ya ghala akashika nguzo na kuvuta pumzi kama mtu aliyetoka chini ya maji.

Wazee walikuwa wamekwisha kukaa. Yule mnene alikuwa amekuja mapema, akiulizia kama safari hii pia kutakuwa na wafungwa. Babu yako, kama desturi inavyomtaka mkwe asionane ana kwa ana na mama wa mkewe, alikuwa ametoroka mjini, na kwa mara ya kwanza desturi na tabia yake zilikubaliana. Chakula cha wakwe kilikuwa lazima kionjwe siku hiyo. Na chakula cha wakwe kilikuwa kile.

Mama mkwe akaniita nyuma ya ghala.

"Nyar chula, kuna furushi la majani ya mgomba kando ya mama yako. Ni la nini?"

"Ni chakula chake cha njiani."

"Chakula gani?"

"Obambla."

"Njia imekwisha," akasema.

"Ya kuja imekwisha, mama. Ya kurudi bado."

Alinitazama, nami nikayatazama majani ya muhogo, kwa kuwa nilikuwa na adabu. Kumwomba mgeni chakula chake cha njiani ni aibu ambayo mtu wa Suna angeifia. Na huyu mgeni alikuwa mkwe. Ndani kwa baba mkwe, wazee walikuwa wanakohoa kile kikohozi cha watu wanaosikia njaa kwa heshima.

"Nenda ukamwombe," akasema.

"Nimwombe kwa niaba ya nani?"

"Ya boma."

Nikaenda. Mama alikuwa amekaa mkekani katika nyumba ya mke mwenza wangu mmoja, miguu ameinyoosha, furushi pajani. Nikamfikishia ujumbe. Akasikiliza hadi mwisho, akasema:

"Mwambie mkwe wangu kwamba hawa wamepasuliwa mgongo. Naogopa kulipasua boma la watu."

Nikarudi nyuma ya ghala. Mama mkwe akasema, "Mwambie boma litavumilia."

Nikaenda tena. Mama akalifungua furushi, akaitazama nyama yake kavu, nyekundu kidogo kwenye kingo, akalifunga tena.

"Sawa. Lakini hiki si chakula cha kikapu. Ni changu mimi. Chakula changu, nikiwa ugenini, hupikwa jikoni kwa mwanangu. Jiko la mwanangu liko wapi, nikalione?"

Shangazi zangu wakatazama paa, wote wawili kwa pamoja, kana kwamba kuna kitu cha kuvutia huko juu. Wakati huo ndipo nilipoelewa kwamba mama hakuja kuleta samaki. Alikuja kunifuata. Kama jibu lingekuwa hakuna jiko, angenyanyuka, na mimi ningenyanyuka naye, na wazee wote wangeona ni kwa nini.

Maneno hayo sikuyatia chumvi wala sikuyapunguza. Niliyafikisha kama yalivyo. Mama mkwe akajifunga leso kiunoni, akaenda mpaka kwenye mwamba alipokuwa akianika muhogo wake, akachagua jiwe. Akalibeba mwenyewe, akapita nalo mbele ya nyumba ya baba mkwe, mbele ya macho ya wazee wote, akaliweka katika nyumba yangu. Akarudi kuchukua la pili.

"Shemeji," yule mzee mnene akamwita, "unajenga?"

"Napika," akasema, bila kugeuka.

La tatu lilikuwa zito, na hakukubali nimsaidie. Akayapanga, akayatikisa moja moja kuhakikisha yamekaa, akalisogeza moja kwa upana wa kidole. Kisha akaleta moto kutoka jikoni kwake kwenye kigae, akauweka katikati, akatoka.

Nikawapokea samaki wa mama yangu, nikawatandaza juu ya ungo, nikawasafisha, nikawapika katika jiko langu kwa nyanya na magadi, wakiwa wamefunguka vilevile, bila uzi wala fundo. Wazee wakala mpaka wakawanyonya vichwa. Yule mnene akasema kwamba huyu wa leo ameachiliwa huru na ameonyesha tabia njema. Kikapu cha wazima tulikizika migombani kesho yake, mimi na wake wenza, pua zimefungwa. Zawadi ya wakwe haitupwi, ila hakuna desturi inayokataza kuizika. Ile migomba ilizaa sana.

Ningeweza kukuambia uishie hapo. Watu wengi wanaposimulia habari za wakwe zao huishia mahali kama hapo, ndiyo maana wakwe wote duniani ni wabaya na wake wote ni werevu. Lakini bado kuna kitu kimoja.

Siku mke anapowasha moto wake wa kwanza, sahani ya kwanza huenda kwa mama mkwe. Kabla ya wazee, kabla ya wageni, kabla ya mama aliyekuzaa. Nililijua hilo kama ninavyojua kupumua. Siku ile niliwapelekea wazee kwanza. Kisha mama yangu na shangazi zangu. Kisha wake wenza, kisha watoto wao. Nilipomaliza wote, nikachukua kipande cha mkia kilichobaki, kimepoa, mafuta yameganda ukingoni, nikampelekea. Alikuwa amekaa peke yake kwenye kigoda, mikono yake bado ina vumbi la mawe. Aliipokea sahani kwa mikono miwili.

Baadaye akairudisha yeye mwenyewe. Alikuwa ameiosha. Mwanamke mwenye wake watatu wa wanawe bomani aliosha sahani kwa mkono wake, akaifuta, akaiinamisha juu ya figa la tatu ili ikauke, akaenda zake. Tuliishi pamoja miaka mingi baada ya hapo, nikamuuguza, nikamwosha alipokufa, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuitaja sahani ile. Yeye hakunidai. Mimi sikuomba radhi, kwa sababu nilikuwa nimeshinda, na mshindi hana muda.

Sasa nisikilize, mjukuu wangu. Najua utataka kufupisha, maana nimekuona ukikunja na kukunjua vidole. Fupisha. Ondoa lori, ondoa mahubiri, ondoa kicheko cha wazee kama kinakuchosha. Popote niliposhinda, unaweza kupunguza, sitakulaumu. Lakini kile kipande cha mkia kilichopoa, na mikono iliyokuwa na vumbi, na sahani iliyorudi ikiwa safi, hivyo vihifadhi kama nilivyovisema, wala usitafute neno zuri la kunitetea.